Mzee Elphas Kosgei na Chupa za Tope

Mzee Elphas Kosgei, tunayemrudisha udongoni leo, alizaliwa tarehe 12 Aprili 1952 hapa Rongai. Alisoma mpaka darasa la saba. Mwalimu wake alisema huyu kijana ana siafu ndani ya suruali.

Kuanzia 1974 alipakia mchanga wa mto kwenye malori. Wapakiaji walisema mto ni kama ng'ombe, ukikamua jioni, asubuhi umejaa. Aliamini hivyo, na kosa hilo alilikiri mwenyewe mbele ya kanisa. Mwaka wa 1998 mvua ilirudi, mchanga haukurudi. Shimo tulilolichimba mtoni lilikula ukingo. Tope lililokuwa limelala chini likaamka, likateremka na kuziba bomba la maji ya kijiji. Siku hiyo aliweka koleo chini.

Tarehe 8 Desemba 1979 alikuwa amemwoa Jepkemboi, ambaye ndiye aliyeishi na hayo yaliyofuata. Kila Jumamosi mzee alichota maji ya mto kwa chupa ya soda, akaiweka dirishani, akachora mstari tope lilipofika.

“Baba Linah, hii nyumba ni ya watu ama ya matope?”

“Ngoja itulie.”

Yeye hakutulia. Aliwafuata wachimbaji na chupa mkononi mpaka wakamwita Mzee Tope.

Novemba 2024 kifua kilimshika, akalazwa Nakuru. Mkewe akifika, salamu ni moja: “Maji yakoje?” Siku moja akampelekea maji ya mfereji, ili apumzike. Mzee akaitikisa chupa.

“Mama Linah, hii si ya mto. Umezeeka na bado hujui kudanganya.”

Kesho yake akaletewa ya mto. Tope, vidole vitatu. Akaitazama sana, akasema, “Kaburi langu msilitie mchanga wa mto. Hata kijiko.” Alituacha tarehe 3 Machi 2025.

Jana lori lilileta mchanga wa kujengea kaburi. Nicodemus, mwanawe, ndiye aliyeuagiza, kwa upendo, akisema baba hawezi kulala kama maskini. Jepkemboi alisimama langoni mpaka lori likageuka na mzigo wake wote. Wanaosema ni ukaidi, waseme wakishakula. Kaburi ni udongo mtupu, na litapandwa nyasi.

Amewaacha mkewe Jepkemboi, watoto wake Linah na Nicodemus, wajukuu watano, na chupa za madirisha matatu. Ya mwisho imechotwa leo asubuhi. Bado haijatulia.

Yeye sasa atulie, kwa amani.