Warda Haendi Miteja kwa Gari

Kijiwe chetu ni ubao mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, nje ya banda la fundi Sipriani, hapa Kilwa Kivinje. Ubao haujapigiliwa, kwa hiyo wa mwisho akiinuka bila kuaga, wa upande wa pili anajikuta chini. Wenye pikipiki hatuwakatazi kukaa, ila tunawaangalia mpaka wanaondoka wenyewe. Sisi ni watu wa baiskeli za chuma, zile nyeusi ndefu, na tunajiita Wana wa Chuma. Tunazitoa kwenye mabanda ya kuku zikiwa zimeoza, tunazifungua mpaka gololi ya mwisho, tunazipaka grisi, tunazipanda. Tumekwenda nazo Lindi, tumekwenda Milola, mwaka jana tukafika Mtama, na kila tuliposimama watu walituuliza kama nauli za basi zimepanda. Mimi nauza samaki vijijini na hapa kijiweni naitwa Kengele. Sipriani, Mmakonde aliyeshuka pwani zamani, ni Spoku. Hussen, aliyekuwa kondakta, ni Nauli. Na Mzee Ridhiwani ndiye Mzee Keria, kwa sababu tangu mkewe Zakia afariki, amemlea binti yao Warda juu ya keria, kile kiti cha vyuma cha nyuma ya baiskeli. Sokoni alikwenda naye hapo, madrasa hapo, shule hapo, hospitali hapo.

Sasa Warda anaolewa Ijumaa na kijana wa Miteja. Upande wa bwana harusi wakasema wataleta gari la kumchukua. Warda akasema hapandi gari, anakwenda kwa mumewe juu ya keria ya baba yake. Bwana Bakary, ami yake bwana harusi, alicheka kwanza, halafu akaona binti hacheki, akakasirika. Wazee wakakaa, wakabishana mpaka wakatoka na sharti: Jumatano alasiri, Mzee Keria apande kilima cha Singino na mtu mzima nyuma, bila kuteremka wala kugusa chini. Akigusa, Warda anapanda gari na maneno yanakwisha. Jumatano yenyewe ndiyo leo. Tangu asubuhi Spoku yuko chini ya baiskeli na sisi tuko juu ya ubao, kahawa mkononi, tukimsaidia kwa mdomo.

NAULI: Mimi kinachonitisha ni upepo tu.

SPOKU: Upepo gani? Tairi zote nimejaza.

NAULI: Ndiyo hapo unapokosea, fundi. Umejaza upepo wa hapa. Upepo wa hapa una chumvi. Ukiingia kwenye tyubu unaila kwa ndani taratibu, na siku ya shughuli ndiyo inapasuka.

MIMI: Sasa ajaze upepo wa wapi?

NAULI: Wa Mtama. Kule kukavu. Sisi tulipokwenda Mtama mwaka jana, nani alipata pancha wakati wa kurudi? Hakuna.

MIMI: Kwa sababu wakati wa kurudi wewe ulipanda lori na baiskeli yako.

NAULI: Nilipanda lori ili niilinde.

SPOKU: Nauli, huo upepo wa Mtama utafikaje hapa?

NAULI: Unajaza tairi kule, unalifunga kwenye basi. Mbona jambo dogo.

SPOKU: Wapwani nyie mna akili za kukaa barazani. Niletee ile spana ndogo, achana na upepo.

Mzee Keria alikuwa pembeni anasugua rimu kwa kitambaa na majivu. Ile rimu ilikuwa inang'aa tayari, lakini alikuwa anaisugua tu, mahali pale pale, na mimi nilipenda kumwona hivyo kwa sababu mtu aliyekata shauri hana haja ya kutoa hotuba.

MIMI: Mzee Keria, tuseme ukweli. Mashangazi wanasema baba hampeleki binti yake mwenyewe. Wanaopeleka ni wanawake. Baba anabaki nyumbani anapokea mikono ya pongezi.

MZEE KERIA: Mashangazi watakwenda na hilo gari. Kanga zao zisipate vumbi.

MIMI: Nasema tu wanavyosema.

MZEE KERIA: Kengele, sikiliza. Zakia alipokuwa anaondoka alinishika hapa kwenye kiganja. Akaniambia, huyu mtoto usimwachie mtu. Sikumwachia mtu. Shangazi yake alimtaka, nikakataa. Bibi yake alimtaka, nikakataa. Sasa wakati umefika wa kumwachia mtu, na nitamwachia mimi, kwa mkono wangu, mlangoni kwake. Siyo nimpungie gari likiondoka.

Hapo hata Nauli aliinamia kikombe chake. Lakini Nauli hakai hivyo muda mrefu.

NAULI: Basi tufanye hesabu za kilima. Kwenda Miteja ni kaskazini, si ndiyo? Na majira haya ni kusi, upepo unatoka nyuma. Warda akifika kwenye mwinuko anachukua kanga, anaishika ncha mbili, anaitanua mgongoni. Baiskeli inakwenda yenyewe. Mzee unaweka miguu juu ya usukani, unapumzika.

SPOKU: Na akifika kwenye mteremko?

NAULI: Anaikunja.

MIMI: Na basi la Dar likimpita hapo ubavuni na kanga imetanuka?

NAULI: Basi linapunguza mwendo. Mimi nawajua madereva wote wa njia hii, nitawapigia simu.

SPOKU: Nyie hamjui kitu kuhusu chuma. Chuma kinakumbuka.

MIMI: Kinakumbuka nini?

SPOKU: Mzigo. Fremu iliyobeba mtu yule yule miaka yote, kile chuma kimeshajikunja kwa ndani kumfuata yeye. Ukimpakia mtu mwingine inalia kwi, kwi, kwi. Ukimpakia mwenyewe inanyamaza. Warda hata awe mzito namna gani, hii baiskeli haitamsikia.

NAULI: Kwa hiyo leo Singino, akimpakia mtu mwingine, itamkataa?

SPOKU: Italalamika. Haitakataa. Ndiyo maana nimeweka frii kubwa, ile ya meno mengi, huku nyuma. Mwendo utakuwa wa konokono, lakini kilima kitakuwa chepesi. Spoku za nyuma zote nimebadilisha, nimeweka zile nene. Keria nimeichomelea upya kwa shaba. Hii sasa ukipakia hata jiwe la kusagia inakwenda.

Hapo mzozo ukahamia kwenye mzigo wa majaribio. Mimi nilisema gunia la mchele. Spoku akasema gunia halifai, kwa sababu gunia linakaa linapowekwa, bibi harusi anajitikisa, anageuka kuangalia watu, anakaa upande miguu yote kushoto. Lazima awe mtu, na lazima akae upande. Tukaangaliana. Mimi nina tumbo. Spoku lazima akimbie nyuma na spana. Nauli akaanza kuangalia viatu vyake.

NAULI: Mimi nina mgongo.

MZEE KERIA: Panda, Hussen.

Alipoitwa Hussen, jina lake la nyumbani, alijua mambo yamefika mwisho. Mama muuza maandazi akatuazima kanga mbili, moja ya kiunoni na moja ya kichwani, maana Spoku alishikilia kwamba nguo lazima zipepee kama siku yenyewe ili tuone kama zitaingia kwenye cheni. Bwana Bakary alitukuta hivyo hivyo, Nauli kajitanda, kakaa upande juu ya keria, kakunja uso. Bwana Bakary akamwangalia toka kichwani mpaka miguuni.

BAKARY: Huyu ndiye bibi harusi?

NAULI: Shikamoo ami.

BAKARY: Marahaba. Twendeni.

Kivinje nzima ilitufuata mpaka Singino. Mzee Keria alianza chini kabisa, taratibu, hakutafuta mbio za kumsaidia kupanda. Mguu mmoja, mwingine, mguu mmoja, mwingine. Spoku anakimbia kando, sikio kalielekeza kwenye gurudumu la nyuma. Katikati ya kilima, pale barabara inapovunjika, usukani ulianza kucheza. Tairi la mbele likainuka kidogo, likatua, likainuka. Nauli akafumba macho na kumshika mzee kiunoni kwa mikono yote miwili. Wanawake walikuwa wanacheka mpaka wanakaa chini, lakini mimi sikucheka, nilikuwa nimekunja vidole vya miguu ndani ya kandambili kama vile mimi ndiye ninayepiga pedali. Mzee akalala mbele, kifua kikagusa usukani, tairi likatulia. Shati lote lilikuwa limemganda mgongoni. Hakuangalia juu wala hakuangalia watu, aliangalia ardhi iliyoko mbele ya tairi peke yake, na akaendelea kukanyaga mpaka ardhi ikawa tambarare.

Hakugusa chini.

Bwana Bakary alipanda kwa miguu akamkuta juu bado yuko kwenye tandiko, kajishika kwenye mkorosho ili apumue.

BAKARY: Tuliweka sharti, na sharti limetimia. Sina neno. Gari litachukua mashangazi na vyombo.

MZEE KERIA: Nashukuru.

BAKARY: Sisi tutakupokea barabarani, ndugu yangu. Hutaingia Miteja peke yako.

Tulirudi kijiweni kwa kelele ambazo sijazisikia tangu Mtama. Mama wa maandazi alidai kanga zake, Nauli akasema atazivua baadaye, kwanza apumzike, amebeba kazi kubwa. Muuza kahawa akatumiminia bila kuulizwa. Kila mtu akawa na mpango wa Ijumaa. Tutatangulia wanne mbele na vibendera. Spoku atakaa nyuma na kiraka, pampu na nyundo. Mimi nitasimamia kengele, zote zipigwe kwa pamoja tukipita kijijini. Nauli akasema yeye atapanga ratiba ya vituo, na kwamba kwa jinsi alivyokaa pale nyuma leo, anaweza kumfundisha Warda siri za keria.

SPOKU: Ulifumba macho njia nzima.

NAULI: Nilikuwa nasikiliza chuma. Kweli kililia kwi, kwi.

SPOKU: Si nilikwambia? Hakikujui.

Katikati ya hayo akaja dada mmoja anasukuma baiskeli, tairi la nyuma limelala. Alikuwa Getrude, muuguzi aliyehamishiwa hapa juzi juzi, bado anauliza njia. Baiskeli yenyewe ilikuwa ya chuma, ya kuazima, tukampenda papo hapo.

GETRUDE: Shikamooni.

MZEE KERIA: Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Kaa katikati, huko mwisho utaanguka.

Spoku akachukua tairi, akakaa nalo mwisho wa ubao. Getrude akapewa kahawa, akaangalia ile baiskeli nyeusi iliyoegemezwa ukutani inang'aa, akaangalia kanga za Nauli, akauliza kuna nini. Tukamweleza wote kwa wakati mmoja. Tukamweleza frii kubwa, spoku nene, keria ya shaba. Nauli akamweleza kusi na kanga ya kutanua. Mimi nikamweleza Singino, mpaka nikasimama nikaigiza, nusura Spoku adondoke upande wa pili. Getrude alisikiliza vizuri, kichwa upande, kama anavyosikiliza mgonjwa. Akacheka panapochekesha. Mwisho akamgeukia Mzee Keria.

GETRUDE: Hongera sana, baba. Nyumbani kwako mko wangapi?

MZEE KERIA: Mimi na Warda.

GETRUDE: Sasa wakati wa kurudi, hapo nyuma atakaa nani?

Nilimwangalia Nauli, kwa sababu Nauli hajawahi kushindwa swali. Ana jibu la upepo, ana jibu la mabasi, ana jibu la maswali ambayo hayajaulizwa. Alifungua mdomo. Nilijua angetaka kusema mimi nitakaa, kwa utani, tucheke, tuendelee. Akaufunga. Akaanza kuifungua ile kanga ya kichwani, akaikunja vizuri, akaiweka magotini.

Spoku alikuwa ameshika kiraka, gundi inamkaukia kidoleni. Wiki nzima alikuwa ameitengeneza baiskeli ile kwa ajili ya kwenda. Kila spoku, kila nati, tuliifikiria ikiwa na Warda juu yake. Hakuna hata mmoja wetu aliyeifikiria ikitoka Miteja. Mimi ninayejifanya najua kila kitu kuhusu safari, niliona aibu, na zaidi ya aibu niliona huzuni, nikageuka kuangalia barabarani ili mzee asiuone uso wangu.

GETRUDE: Samahani, baba. Sikukusudia.

MZEE KERIA: Hujakosea, mwanangu. Swali ni zuri. Jibu sina.

Akamaliza kahawa yake. Akaweka kikombe. Akainuka, na aliaga kwanza kama inavyotakiwa, kwa hiyo hakuna aliyeanguka. Akaishika baiskeli usukani, akaibonyeza keria kwa kiganja, mara mbili, kupima kama imeshika.

MZEE KERIA: Ijumaa ni ile ile. Baada ya swala.

SPOKU: Ile ile, mzee.

MZEE KERIA: Kwenda, mpange mnavyotaka. Vibendera, kengele, sawa. Lakini tukitoka Miteja, nyie wote mtangulie mbele yangu.

MIMI: Wote?

MZEE KERIA: Wote. Na asigeuke mtu.

Tukamwambia hatutageuka.