Shangazi na Warumi Wasiochoka

Baada ya miaka ishirini na saba ya kupima nguvu za majeshi yaliyozikwa zamani, mpimaji mkuu wa kampuni yetu ya michezo ya kompyuta anastaafu tarehe 30 Juni. Sote tunamwita Shangazi, hata wanaomzidi umri, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwita vinginevyo.

Kazi yake ilikuwa kuamua kila kikosi katika mchezo wetu wa vita vya kale kiwe na nguvu kiasi gani. Inasikika nyepesi. Lakini mashabiki wa Roma hawasomi historia, wanatazama filamu. Kwao, askari mzito wa miguu wa Kirumi, mwenye ngao kubwa na kofia ya chuma, hapaswi kushindwa na yeyote, hata akizungukwa na wapanda farasi katikati ya matope. Wamemwandikia Shangazi mamia ya barua za kumfundisha kazi, nyingi zikiwa hazina hata nukta moja. Alizisoma zote, akazihifadhi katika faili aliloliandika "Wataalamu".

Msimamo wake ulikuwa mmoja. Warumi wapewe alama kumi, nyingi kuliko kikosi chochote cha miguu, mradi wapigane bega kwa bega kwenye uwanja tambarare. Mlimani na msituni zipungue. Na kila dakika tatu za mapigano bila mstari wa nyuma kuwapokea wa mbele, alama moja iondoke.

Mkuu wa mauzo alipinga kikaoni. "Shangazi, mteja hanunui mchezo ili amwone Mrumi akihema!" Shangazi alimletea ngao ya mbao ya kilo nane na mkoba wa mchanga, akamwomba apande ngazi hadi ghorofa ya nne. Alikutwa ghorofa ya pili, ameketi, tai mkononi, akimwomba maji mfanya usafi. Uchovu ukapitishwa bila kupigiwa kura.

Mwaka juzi yakatokea ya aibu. Katika toleo jipya, mwandishi wetu wa programu, binti mmoja kijana, alikosea: badala ya kuondoa alama, kompyuta ikawa inaziongeza. Warumi wakazidi kupata nguvu kadiri walivyochoka. Baada ya nusu saa, mia moja wao walifagia jeshi zima la wapanda farasi, wakaendelea na safari. Sifa zikamiminika. "Hatimaye mmesoma historia!" aliandika mtaalamu mmoja.

Humu ofisini hakuna aliyeshtuka isipokuwa binti yule yule aliyekosea. Alibisha mlango wa Shangazi.

"Shangazi, wananisifia kosa. Nisahihishe au ninyamaze?"

"Mwanangu, umepanda ngazi zote hizo ili nikwambie unyamaze?"

Mkuu wa mauzo alipendekeza kosa libaki na liitwe maboresho. Shangazi aliweka funguo zake mezani: ama lirekebishwe, ama aondoke. Lilirekebishwa siku hiyo hiyo, na matusi yakaja kwa wingi uleule wa sifa.

Ndiyo maana kustaafu kwake kulitutia hofu. Hakuna alama inayobadilishwa bila saini ya mpimaji mkuu, na mkuu wa mauzo aliiomba nafasi hiyo kabla hata viti vya sherehe havijapangwa. "Mimi ndiye ninayemjua mteja," alisema. Shangazi akamjibu, "Mteja unamjua. Na Mrumi je?" Kisha akampendekeza yule binti wa programu, na mkurugenzi akakubali.

Jambo la kwanza alilolifanya binti ni kuzipima upya alama kumi za Shangazi. Aligundua kuwa uzito wa mikuki haukuwahi kuhesabiwa, akamletea karatasi: Warumi wastahili tisa. Shangazi alikaa nayo siku mbili. Alirudi amenuna, akauliza maswali sita, akatia saini. Ndiyo saini yake ya mwisho katika kampuni hii, na mashabiki waliosherehekea kuondoka kwake wataiona katika toleo la Julai.

Ahsante, Shangazi. Matusi yakija tutayapokea sisi. Wewe uwe na afya njema, siku ndefu, na wapwa wasiouliza habari za Roma.