Fundi Saa na Neno la Kwenye Fomu

Kidole gumba cha Fundi Saa kilikuwa na siku tatu kimevimba, kibano hakishikiki, saa za watu zimelala kwenye droo. Asubuhi hiyo zahanati walimpa fomu ya Kiingereza. Akajaza jina, akajaza umri, akafika mahali pa kuweka tiki: «Throb», ndiyo au hapana. Akaona haya kumuuliza nesi. Akasema kalamu imekwisha wino, anakwenda kutafuta nyingine, akaibukia kijiweni, kwenye benchi la nje ya duka la kinyozi. Akaagiza kahawa, kisha akamkabidhi fomu yule wanayemwita Profesa, kwa kuwa aliwahi kufagia maktaba miaka sita.

Profesa aliishika mbali na macho.

— Neno zito hili.

— Zito vipi?

— Litamke. Umeona? Ulimi unachungulia nje kwanza. Lilianzia kwa watu wa nchi za baridi, meno yanagongana. Wanauliza kama unatetemeka.

— Sitetemeki.

— Basi weka hapana.

Kinyozi akazima mashine, kichwa cha mteja kikiwa nusu.

— Usimpoteze mwenzio. Fundi, kata herufi mbili za mbele. Inabaki «rob». Kuiba. Wanataka kujua kama uliumia ukiiba.

— Nilijibana na mlango wa duka langu mwenyewe.

— Unajua wewe. Wao hawajui. Ukiweka ndiyo, dawa inakuja na polisi.

Muuza kahawa alikuwa akitikisa kichwa muda wote.

— Mmekosea nyote. Mzungu alinunua mashine ya kusaga, ikawa inalia thro-bu, thro-bu. Akaiita hivyo. Hapo wanauliza kama kidole kimesagika.

— Na kikiwa kimesagika?

— Wanakikata.

Fundi Saa akakitazama kidole chake. Kidole hicho kilikuwa kimelea watoto watano. Akaitoa kalamu mfukoni, akairudisha.

Pembeni alikuwa amesimama mwanamke mmoja aliyekuja kufuata saa yake, akakuta duka limefungwa, akaelekezwa kijiweni.

— Pole, fundi. Kwani hicho kidole kinakufanyaje?

— Kinapwita, dada. Pwi, pwi, pwi, utadhani kina moyo wake.

— Na huyo nesi, mliongea lugha gani?

— Kiswahili.

— Sasa kwa nini hukumwambia hivyo hivyo? Hiyo «throb» ndiyo kupwita.

Fundi Saa akamtazama Profesa. Profesa akamtazama kinyozi. Kinyozi akakumbuka kwamba ana mteja, akawasha mashine. Muuza kahawa akamimina kahawa kwenye kikombe kilichokwisha kujaa, ikamwagikia sahani.

Fundi Saa akaikunja fomu, akamwomba yule dada asubiri kidogo, akashika njia ya zahanati, kidole juu, akijisemea taratibu, neno lisije likampotea njiani: kinapwita, kinapwita, kinapwita.