Nyakio Wawili, Nyumba Moja

Haya, kaeni karibu wanangu, mnisikilize. Haron, keti hapo miguuni pangu. Ciru, acha kulia kwanza, utalia baadaye. Na wewe Joyline, mke wa mwanangu, usisimame mlangoni kama mgeni, vuta stuli. Mtoto mwacheni na televisheni yake, nitamwita nikimaliza. Nitasema kwa Kiswahili, ili Joyline wa watu wa Kakamega asije akasema kwamba mama mkwe aligawa mali kwa Kikuyu na yeye akabaki kutazama midomo. Daktari aliongea nanyi Kiingereza juu ya kichwa changu, lakini uso wa Haron niliuona ulivyobadilika, kwa hivyo tusidanganyane. Nakwenda.

Ploti hii ya hapa Riruta, Thuo baba yenu aliirithi kwa babake ikiwa shamba la mahindi, na vyumba hivi vya kupangisha tulijenga kimoja kimoja, yeye akichanganya saruji na mimi nikiuza maharagwe kule Ngara. Vyumba vya upande wa barabara ni vya Haron, isipokuwa kimoja nitakachokitaja. Vya nyuma ni vya Ciru, na mtu asije akamwambia msichana harithi, maana Ciru alisuka nywele za watu Kenyatta Market mpaka vidole vikavimba ndipo kaka yake akamaliza chuo. Ami yenu akija tena na ule ugomvi wake wa mpaka, mpeni kiti, mpeni chai, mpeni na mkate, lakini ardhi ng'o! Nyumba hii ya katikati msiiuze.

Sasa lile linalonikaa kifuani. Msidhani nachukia Kiingereza. Kiingereza ndicho kilichompeleka Haron ofisini mjini, na nilipokuwa nikilipa karo nilijua ninachonunua. Ati siku hizi serikali inasema mtoto mdogo aanze kufundishwa kwa lugha ya mahali anapoishi. Hebu zungukeni Riruta nzima mniambie ni shule gani ya kulipia itathubutu, wakati wazazi wakisikia tu habari hiyo wanahamisha watoto. Siwalaumu walimu. Wanauza kinachotakiwa, na wanaokitaka ni nyinyi.

Haron, mtoto wako wa kwanza alipozaliwa msichana, hakuna aliyeuliza ataitwaje, maana kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Mimi ni Nyakio, naye akawa Nyakio, na mpaka leo unamwita mami kama unavyoniita mimi. Joyline, kwetu huyo si mjukuu tu, ni mimi nimeanza upya. Nilimbeba mgongoni kwenye hii korido nikimwimbia, na neno lake la kwanza alilisema kwa lugha yangu, alitaka abebwe tena. Nani mwingine analikumbuka? Mimi nalikumbuka mpaka roho inauma.

Halafu ikaja ile intavyuu ya kuingia shule. Mtoto bado anakojoa kitandani, intavyuu! Haron ulinifuata jikoni, ukaketi, ukaongea kwa heshima, na hiyo heshima ndiyo iliyonimaliza. Ukasema, "Mami, tafadhali, usimwongeleshe kwanza mpaka intavyuu ipite, wale walimu wanasikiliza matamshi." Nikasema sawa, kwa sababu mimi pia nilitaka apite. Nikawa namlisha kimya, namwogesha kimya, akianguka namwinua na sisemi pole. Jamani, hebu jaribuni kumwinua mtoto anayelia bila kumwambia kitu! Akapita. Ciru akafunga saluni mapema, tukala nyama choma sote pale sokoni, mkacheka, na mimi nikala nikingoja mmoja wenu aniambie, "Mami, sasa unaweza kuongea naye." Hakuna aliyesema. Mlisahau tu, najua, hamkuwa na ubaya. Lakini niliendelea kungoja, muhula ukaisha, na siku niliyofungua mdomo mwenyewe kwa Kikuyu, mtoto alinitazama, akamgeukia Joyline amuulize nimesema nini, na Joyline masikini naye hakujua.

Usilie, Joyline mwanangu, sikulaumu peke yako. Hata mama yako, akipiga simu kutoka Kakamega na kumjulia hali kwa Kiluhya, mtoto anakurudishia simu. Sisi wazee wawili tukikutana tunaulizana kwa Kiswahili, "Wako anaongea?" "Aah, wapi!" Tunacheka, kisha kila mtu anatazama kikombe chake.

Namtamani huyu mtoto, na analala chumba cha pili. Namtamani vile watu wanavyomtamani aliye Marekani. Asubuhi ananiambia "gud moning", naitikia, na maongezi yetu yameisha. Ninayo mengi: jinsi mama yangu alivyotuamsha kwenda kuchota maji tukiimba, jinsi babu yake Thuo alivyonichekesha kanisani mpaka mzee wa kanisa akatutoa nje. Nimejaribu kumsimulia kwa Kiswahili, anasikia nusu, na mimi mwenyewe pale pa kuchekesha napapoteza.

Basi naagiza hivi. Chumba cha mbele, kile cha duka la nafaka, ni cha Nyakio mdogo. Ciru, ulininong'oneza niweke sharti, apewe siku atakayojua Kikuyu. Hapana. Sitaki anikumbuke kwa ajili ya kodi ya nyumba. Apewe hata akinisahau. Anayeagizwa si yeye, ni nyinyi. Ciru, Jumamosi akija saluni muongeleshe Kikuyu, wateja wakicheka wacha wacheke. Joyline, mpe lugha ya mama yako, mpe bila aibu, hata ndani ya supamaketi watu wakigeuka. Haron, wewe endelea na Kiingereza chako, hicho hakikosi mtu. Kichwa cha mtoto kina nafasi, ni nyinyi mlioogopa. Na siku ya kunizika, msinisifu kwa Kiingereza, nitakuwa nimelala pale sielewi mnanisema nini.

Nipe maji, Ciru. Kidogo. Hapo, inatosha... Mkono huu umekuwa mzito.

Inameni. Mungu awashike, wanangu. Msikosane juu ya vyumba. Mkila, muitane. Haron, nimekusamehe, na usiniombe tena, utanichosha. Joyline, umenitunza kuliko niliowazaa... Ciru, usiseme nimesema hivyo... nawapenda wote.

Sasa mtoto. Hapana, msimwite nyinyi. Nitamwita mwenyewe. Niinueni kidogo.

Nyakio! Nyakio, ũka haha!

...Haron, nyamaza. Usimtafsirie.

Ũka, mami. Ũka haha.

Anakuja... Mnamwona? Hakuna aliyemwambia nimesema nini, na anakuja. Mpandisheni kitandani. Joyline, usishtuke, kwetu mzee akibariki humtemea mtoto mate kidogo kifuani, ni baraka, si uchafu. Leteni hicho kifua... Hivyo.

Tokeni sasa, wote, mrudishe mlango. Pumzi iliyobaki ni ndogo, na ni ya kumwongelesha huyu.