Shahada Iliyosomwa Chumba cha Mashuka

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Hospitali yetu, Daktari Mkuu, wakuu wa idara zote, pamoja na yule wa maabara ambaye leo amefika kwa wakati kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, ndugu wageni waalikwa, wauguzi wenzangu mliotoka zamu, na ninyi mlio zamuni mnaochungulia mlangoni na mtakaorudi wodini sasa hivi, ndugu zetu wa dobi, jiko na usafi, ambao itifaki huwataja mwisho ingawa bila ninyi hospitali hii ingefungwa kabla ya saa nne asubuhi, na wewe mume wangu, uliyechagua kiti cha karibu na keki: nawasalimu nyote kwa heshima na taadhima.

Nimepewa dakika kumi za kuaga kazi ya Muuguzi Mkuu. Mimi niliyewapa watu dakika kumi za chai kwa miaka thelathini na mitatu sina haki ya kulalamika.

Najua mnaniita Mama Kanuni. Mlidhani sijui? Kuta zina masikio, na ukuta kati ya ofisi yangu na chumba chenu cha kubadilishia nguo ni wa mbao nyembamba. Ni kweli, kanuni nimeziandika. Ni mimi niliyekataza kucha ndefu, viatu vya kugonga sakafu ko ko ko, na kuimba wakati wa kugawa dawa. Hizo sizijutii. Kuna moja tu ninayoijutia, na ningekuwa na haya kidogo ningeondoka nayo kimyakimya, lakini Jumatatu itamdhulumu mtu, kwa hiyo sina budi kusema.

Ni kifungu cha tisa cha mwongozo wetu wa ajira: shahada iliyosomwa mtandaoni haitahesabiwa katika kumpandisha muuguzi cheo. Jumatatu Bodi inakaa kumchagua muuguzi kiongozi wa wodi ya watoto njiti, na kwa sababu ya maneno hayo kuna faili moja ambalo halitafunguliwa. Mwenye faili yumo humu ukumbini, safu ya nne, anajificha nyuma ya bwana wa eksirei. Mama Pacha, kaa vizuri tukuone.

Wengi mnadhani kifungu kile kilitokana na yule bwana aliyekuja kuomba kazi na shahada ya mtandaoni ya miezi minane. Mnamkumbuka? Cheti chake kilikuwa kizuri kuliko cha Daktari Mkuu, na samahani Daktari, kilikuwa na utepe. Nikampeleka wodini nikamwomba anioneshe jinsi ya kumgeuza mgonjwa aliyepooza. Akanieleza faida za kumgeuza mgonjwa, faida sita, kwa mpangilio mzuri. Nikamwambia, ndugu yangu, umesema kweli tupu, lakini mgonjwa bado amelalia ubavu ule ule. Tangu siku ile nikawa na neno langu: samaki mmoja akioza, wameoza wote. Methali hiyo ni nzuri sana kwa wauza samaki. Kwa kuajiri watu, nimekuja kuona, haifai.

Basi siku moja Mama Pacha akaja ofisini, simu mkononi. Wakati huo pacha wake ndiyo kwanza wanajifunza kusimama.

"Mama, una dakika moja? Nataka kusoma shahada. Nimepata vyuo vitatu, vyote vya mtandaoni, sijui nichague kipi."

Nikamjibu bila kuinua kichwa, "Mwanangu, simu haina mapigo ya moyo. Uuguzi utajifunzaje humo?"

"Chuo cha kukaa darasani kiko mbali, Mama. Nikienda, pacha nawaachia nani? Na zamu yangu atashika nani?"

"Subiri wakue."

Akasema asante sana Mama, akatoka. Aliposhukuru vizuri namna ile nikajua hajanisikiliza.

Na hakika hakunisikiliza. Chuo cha kwanza kilimwahidi shahada upesi upesi. Akawauliza, nani ataniona nikimshika mgonjwa? Wakamwambia asiwe na wasiwasi, mgonjwa atakuwa kwenye video. Hicho akakifuta. Cha pili kilikuwa na bei nafuu na mtu wa mapokezi mwenye sauti ya asali, kwa hiyo Mama Pacha, ambaye haamini asali isiyo na nyuki, akapiga simu Baraza la Uuguzi kuuliza kama wanakitambua. Wakamwambia asubiri. Akasubiri muda wote wa chakula cha mchana, siku tatu mfululizo, simu imewekwa kipaza sauti juu ya toroli ya vifaa vya vidonda, muziki ule ule unapiga, hata wagonjwa wa vitanda vya mwisho wakaujua kwa moyo. Siku ya tatu akapokea mtu, akapekua, akasema, "Dada, chuo hicho hakimo kwetu. Hata jina lake nalisikia kwako."

Kikabaki cha tatu, kigumu kuliko vyote. Miaka mitatu. Mitihani mbele ya kamera. Mwalimu anayepiga simu kuuliza kwa nini hujaleta kazi. Na juu ya yote, saa mia sita za kufanya kazi wodini, nje ya zamu yako, chini ya muuguzi mwenye leseni anayeandika alichokiona. Wenzake wakamwuliza kwa nini anajitesa. Akasema, "Nimekipenda kwa sababu ndicho peke yake kinachonishuku."

Mheshimiwa Mwenyekiti, mtandao wa hospitali yetu unaujua. Unashika sehemu moja tu, nayo ni chumba cha mashuka, rafu ya tatu, upande wa dirisha. Huko ndiko alikosomea, amesimama, simu imeegemezwa kwenye foronya. Siku ya mtihani wake wa mwaka wa pili nikaingia kuhesabu mashuka, kama ninavyoingia kila mwezi. Sauti ikatoka rafuni: "Mtahiniwa, nani huyo aliyeingia?" Jamani, nilishtuka. Nilipojikusanya nikaanza kumhutubia yule msimamizi kuhusu matumizi ya mali ya hospitali. Nikamhutubia foronya kwa foronya. Mtihani ukasimamishwa, na Mama Pacha akaurudia wiki mbili baadaye kwa sababu yangu. Akaufaulu. Hakuninunia hata siku moja, akabandika tu karatasi mlangoni: "Mtihani. Asiingie mtu. Hata Mama."

Sasa nifike penye kidonda.

Mnajua utaratibu wetu wa madaftari ya mafunzo ya vitendo. Kiongozi wa wodi anaandika alichokiona, kisha madaftari yote ya wanafunzi wa vyuo vyote yanaletwa kwangu Ijumaa, nasoma, natoa maoni, nasaini. Hayana majina. Yana namba tu, na huo pia ni uamuzi wangu, ili nisimpendelee wala kumwonea mtu. Ijumaa moja nikasoma daftari la namba kumi na saba. Kiongozi wa wodi alikuwa ameandika kwamba mtoto njiti, ndiyo kwanza ana siku nne duniani, alisahau kupumua, na kwamba namba kumi na saba aliliona jambo hilo kabla mashine haijalia, akamsugua unyayo kwa kidole mpaka mtoto akakumbuka, kisha akakaa naye saa nzima bila kuambiwa. Nilisoma mara mbili. Mnajua mimi si mtu wa sifa. Lakini nilichukua kalamu nikaandika: "Mikono hii ina akili. Mwenye namba hii akihitimu, aje kwangu aombe kazi." Nikasaini na muhuri nikapiga.

Mwaka uliofuata tukafanya usaili wa kiongozi wa wodi ile ile. Mama Pacha akaingia na shahada yake mpya. Nilikuwa mwenyekiti wa jopo. Nikaitazama shahada, ile ile ya mtandaoni, nikajiegemeza kitini kwa raha ya mtu anayejua atakachosema.

"Hii shahada ni safi. Ila niambie, nani amewahi kukuona ukifanya haya yaliyoandikwa humu?"

Akafungua mkoba, akatoa daftari, akalifungua ukurasa wenye alama, akanisogezea. "Ni wewe, Mama."

Namba kumi na saba. Mwandiko wangu na muhuri wangu. Mhasibu, aliyekuwa kwenye jopo, akaomba asome kwa sauti, akasoma. Jopo likacheka mpaka mmoja akahitaji maji. Mama Pacha hakucheka. Alikuwa amekuja kuomba kazi, si kunifundisha adabu.

Mngetegemea nini baada ya hapo? Mtu mzima angecheka nao, akampa Mama Pacha cheo chake, yakaisha. Mimi niliona aibu, na aibu yangu ikageuka hasira kabla sijafika nyumbani. Kesho yake asubuhi ndipo nilipoandika kifungu cha tisa. Sikukiandika kwa sababu ya yule bwana wa utepe. Nilikiandika ili mtu yeyote asinifungulie tena daftari mbele ya watu. Na barua ya kumjibu Mama Pacha ilikuwa na sababu moja tu: kifungu cha tisa. Hili sijawahi kumwambia mtu, hata wewe mume wangu, kwa hiyo acha kunitazama hivyo.

Cheo tukampa mwingine, akakaa miezi mitano akapata hospitali kubwa zaidi. Tangu hapo ni miaka miwili Mama Pacha ni kaimu. Kazi ya kiongozi, funguo za kiongozi, lawama za kiongozi, kiti cha kaimu. Mwaka jana alipougua malaria siku tatu tukateua kaimu wa kaimu, na wodi nzima ikampigia simu kitandani kumwuliza vitu viko wapi.

Mwezi uliopita niliwapigia simu matroni wanne wa hospitali nyingine, nikitumaini wataniunga mkono ili nistaafu kwa amani. Wa kwanza akasema, "Chuo kinatambuliwa na Baraza? Leseni anayo? Sasa tatizo lako nini?" Wa pili, mkali kuliko mimi kama hilo linawezekana, akasema yeye huanza kumweka mwombaji wodini nusu saa, vyeti hufungua baadaye, na hajali vimesomwa darasani au juu ya mti. Wa tatu alicheka kwanza. Kumbe shahada yake yeye mwenyewe ni ya mtandaoni, na mimi miaka yote namwita msomi wetu. Wa nne yuko likizo.

Sisemi kila chuo cha kwenye simu ni chuo. Wauguzi vijana, ulizeni Baraza hata kama muziki wao utawachosha, na mkiona chuo hakitaki kujua mmemshika nani, kikimbieni. Nasema tu kwamba aliyechagua kwa uangalifu vile, akashukiwa miaka mitatu na kushinda, asihukumiwe kwa aibu yangu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, bahasha hii ni ya kwako. Ni barua ya kukifuta kifungu cha tisa, nami nimeshaisaini asubuhi kwa sababu mpaka saa kumi na moja jioni bado ni Muuguzi Mkuu. Inakosa saini yako. Sikukuletea ofisini, maana ofisini ungeniambia tutaiangalia. Isome, tunasubiri, hakuna haraka. Miwani? Mume wangu, mpe Mwenyekiti miwani yako. Naam. Haimpi mtu cheo, Mheshimiwa, inafungua faili tu. Hapo chini. Na tarehe, tafadhali. Karani wa ajira hapokei barua isiyo na tarehe, nilimfundisha mwenyewe.

Asante. Mmeona wote.

Mama Pacha, simama mwanangu. Jumatatu utaulizwa maswali magumu kama wengine, na mimi sitakuwepo, jambo ambalo ni heri kwako. Miaka miwili nilikuzuilia haki yako, nikaiita kanuni. Hukunikosea kitu. Mimi ndiye niliyekukosea, na nimeumia nalo, na naomba unisamehe mbele ya hawa wote kwa kuwa nilikuaibisha kwa maandishi.

Hapana, usije kunikumbatia bado. Nijibu kwanza. Unasema nini? Sema kwa nguvu, bwana wa eksirei anakuziba.

Anasema alishanisamehe zamani. Na anasema kuna hospitali imempa kazi ya kiongozi, barua anayo mkobani tangu wiki iliyopita, na amewaambia atawajibu Jumanne.

Mheshimiwa Mwenyekiti, umesikia mwenyewe. Jumatatu msichelewe kuanza kikao.

Ndugu zangu, kwa miaka yote hii mmenisikiliza kwa sababu hamkuwa na hiari. Leo mlikuwa nayo na bado mmekaa. Asanteni sana kwa kunisikiliza.