Mlolongo Nyuma ya Spika

Mwaka ule wa kura za mlolongo, sisi wa benchi la kibanda cha Mama Hellen, pale Munyaka, tuliuiga. Ubishi ukikaza, kila mtu alisimama nyuma ya aliyemwamini, na mwenye mstari mrefu ndiye aliyeshinda. Kuhesabu ilikuwa kazi ya Wanyoike, mbeba magunia mwenye kicheko cha kufika barabarani, tukamwita Spika. Kisha gunia la mahindi likamwangukia kichwani kule Cheptiret. Picha ya hospitali ikatoka safi, tukashangilia. Lakini tangu siku hiyo alikuja, akakaa mwisho wa benchi, na chai yake ikashika utando bila kuguswa. Kicheko kile nilikikosa, nisifiche.

— Kichwa si ni nzima? alianza Thuo, fundi wa betri. Basi shida ni ya ndani. Betri ikianguka, nje iko sawa, lakini haishiki chaji.

— Wewe na betri zako! akasema Kimeli wa maziwa. Ubongo ni maziwa kwa kibuyu. Ukitingiza sana, mafuta inajitenga. Furaha ndiyo hiyo mafuta.

— Hata daktari alisema karibu hivyo, nikaingilia. Ati kugongwa kidogo tu kunaweza kuvuruga kemikali za ubongo, mtu ashikwe na huzuni.

— Daktari gani! akafoka Joash, fundi viatu. Debe tupu haliachi kuvuma. Huyu amenyamaza, maanake kichwa imejaa! Mawazo yote ya mwenye mahindi yalimwingia na hiyo gunia.

— Mlolongo! Mlolongo!

Tukapanga mistari, tukisukumana na kucheka. Hata Mama Hellen alisimama nyuma ya Kimeli, birika mkononi. Ndipo Warigia, mke wa Spika, akafika kumchukua.

— Mnachagua nini, wazee?

— Ugonjwa wa mzee wako, Mama Simeon, akajibu Joash.

Akatutazama mmoja mmoja.

— Jana ameniambia heri hiyo gunia ingemmaliza. Sasa niambieni, nyuma yake yeye amesimama nani?

Spika alikuwa peke yake, akiangalia viatu vyake.

Thuo ndiye aliyeacha mstari kwanza. Alienda akasimama nyuma ya benchi, mkono begani mwa Spika. Kimeli akafuata, kisha Joash, kisha mimi, machozi yakinitoka na sikuona haya. Mama Hellen alimwaga ile chai baridi, akammiminia nyingine, naye akaja nyuma. Warigia akafunga mstari.

Spika akageuka polepole. Alitupitia kwa macho, midomo ikihesabu.

— Mko sita, akasema.

Hakucheka siku hiyo. Lakini chai aliimaliza.