Lejna Wuttke, Aliyetafuta Kinywa cha Tatu

Lejna Wuttke, kwa jina la kwao Matuškojc, alizaliwa tarehe 11 Februari 1936 katika kijiji cha Wjerbnica, karibu na mji wa Chóśebuz, mashariki mwa Ujerumani, akiwa mtoto wa pekee wa Pawoł na Marjana. Kijiji hicho hakipo tena. Palipokuwa na zizi la baba yake leo pana shimo la makaa ya mawe lililojaa maji, na hata mifupa ya wazazi wake ilihamishwa kwa lori. Ndiyo sababu anazikwa hapa mjini, katika udongo usiomjua.

Nyumbani kwao kilisemwa Kisorbi, lugha ya Waslavi wachache wanaoishi Ujerumani. Alipoanza shule mwaka 1942 lugha hiyo ilikuwa marufuku darasani, naye alichapwa viganja kwa kumwomba mwalimu maji kwa maneno ya mama yake. Baada ya vita alisoma sekondari Chóśebuz, kisha Chuo Kikuu cha Leipzig kuanzia 1955 hadi 1959. Huko alikutana na neno lililomshika maisha yake yote: *granica*, yaani mpaka. Mhadhiri aliwaonyesha kwamba Wajerumani husema *Grenze*, Waholanzi *grens*, Wadenishi *grænse*, Waswidi *gräns*, na kwamba wote hao walilipata kwa Waslavi, kutoka shina lenye maana ya ncha au ukingo.

Mwanafunzi mwenzake Mjerumani alimchokoza: "Kumbe ninyi ndio mliotuletea mipaka!"

"Sisi tuliwapa neno tu, bwana," Lejna alimjibu. "Waya wa miiba mmeuleta wenyewe."

Mwaka 1960 aliajiriwa katika ofisi ya kamusi ya Kisorbi mjini Chóśebuz, akaitumikia miaka thelathini na sita. Kanuni yake ilikuwa moja. Maana ya neno haikuingia kamusini mpaka aisikie katika vinywa vitatu vya watu waliozaliwa nayo, kila mmoja nyumbani kwake, bila kudokezwa. Kinywa cha mkusanyaji hakikuhesabiwa. Kila kinywa kiliandikwa jina na tarehe kwenye kikaratasi.

Aliolewa na Günter Wuttke, fundi umeme wa mgodini, tarehe 17 Juni 1961. Walijaliwa Karin mwaka 1962 na Ralf mwaka 1965. Wasifu unaoficha kosa ni uongo unaosomwa juu ya jeneza, na marehemu mwenyewe aliagiza hili lisifichwe: hakuwafundisha wanawe Kisorbi. Siku moja mama yake alimkabili jikoni, viazi vikiwa mezani na jibini laini na mafuta ya kitani.

"Mchana unaokota maneno ya wazee wa watu, jioni unawanyima wanao. Wewe ni mama au ghala?"

"Watachekwa shuleni, mama."

"Wewe ulichapwa, mbona hukufa?"

Lejna alimenya kiazi. Wakati huo hakukuwa tena na mwalimu wa kumchapa mtoto kwa ajili ya lugha. Aliogopa fimbo iliyokwisha kuvunjika.

Mwaka 1983 Wjerbnica ilipewa amri ya kuhama kupisha mgodi. Hapo ndipo Lejna alipogutuka. Katika kijiji chake *granica* haikuwa mstari wa kuwatenga watu. Ilikuwa lundo la mawe ambayo majirani wawili waliyaokota walipolima, wakayarundika pale mashamba yao yalipokutana, na saa ya kula wote wawili waliketi juu yake. Katika lugha zote alizozipekua hakuikuta maana hiyo. Wala hakuwahi kuiandika, kwa kuwa alidhani itakuwapo daima, kama mawe yenyewe. Mama yake alikuwa ameshafariki. Vijana wa rika lake walihama mapema, na kwao jiwe lilikuwa jiwe tu. Wazee walitawanywa katika maghorofa ya mji.

Kila Jumamosi alipanda basi kuwatafuta. Mzee Hanzo Rychtar, ghorofa ya nne, aliulizwa walipeleka wapi mawe ya shambani.

"Tuliyapeleka granica! Kwani wewe binti Marjana ungeyatia mfukoni?"

Bibi Liza Nowakowa alisema vilevile, akalia. Bibi Anna Krygarjowa, wa tatu, alikuwa amezikwa siku tatu kabla Lejna hajabisha mlango wake. Hakukuwa na mwingine.

"Jiandike mwenyewe," mwenzake wa ofisini alimshauri. "Nani atajua?"

"Nitajua mimi."

Kamusi ilichapishwa bila maana hiyo.

Günter alifariki mwaka 2004. Machi 2019 Lejna aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Tarehe 27 Oktoba Karin aliketi kando ya kitanda chake akiwa na kikaratasi cha *granica*, baada ya kujifunza sentensi ya Mzee Hanzo kwa wiki mbili.

"Nisikilize, mama. Mimi niwe wa tatu."

Lejna alimsikiliza hadi mwisho, akamsahihisha sauti moja, akamshika mkono.

"Umeisoma, mwanangu. Hukuzaliwa nayo. Kosa si lako."

Alifariki Jumapili, tarehe 3 Novemba 2019, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na mitatu.

Ameacha watoto wawili, Karin, na Ralf anayesoma maneno haya kwa lugha isiyokuwa ya mama yake. Na wajukuu watatu, Jens, Antje na Mila. Hakuna hata mmoja wetu anayeweza kumuaga kwa Kisorbi. Chini ya mikono yake, ndani ya jeneza, tumeweka kikaratasi chenye majina mawili na mstari wa tatu mtupu. Apumzike nacho kwa amani, maana huku juu neno lake halina tena wa kulitamka.